Ukuta wa Jiko la Gasaro

Nakutegea, wewe mwenye karatasi hii mkononi: alizikwa ukutani akiwa mzima, akafa humo bila kulia, na baada ya miaka arobaini na minane akafukuliwa akatoa ushahidi. Ni nani?

Usijibu haraka. Wajukuu wangu hujibu haraka, nao hukosa kila mara. Nitakupa nusu ya njia bure: jamaa zake umewala wiki hii hii, pengine pamoja na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Nusu iliyobaki utaitembea mwenyewe.

Mimi ni Mama Nasiri. Nilizaliwa Kamembe, baba yangu akiwa fundi wa kushona kanzu na makoti. Nikasoma mpaka darasa la sita, na mwaka 1975 nikaolewa huku Rwimbogo na Kamali, mtu wa jembe. Kamali ametangulia mbele ya haki. Nimebaki na shamba, na migomba, na wifi yangu Mukakalisa, dada yake marehemu, ambaye naye alifiwa na mume akarudi kwao. Tunakaa ua mmoja, tunapika chungu kimoja, na kwa miaka yote hiyo mwanamke huyu hajaacha kunichokonoa juu ya nyanya.

Nyanya zenyewe ukiziona sokoni unaweza kuzipita. Zina mabega, zimekunjamana karibu na kikonyo kama kitambaa kilichovutwa uzi, na ngozi yake ni nyembamba mno. Ukizipakia kwenye gari la Kigali zitafika zikiwa mchuzi. Lakini ukiikata moja jikoni, jirani anajua. Kilima kizima kinaziita nyanya za Gasaro, kwa jina la mama mkwe wangu, na mimi ndiye mtunzaji wa mbegu. Anayetaka miche huja kwangu na kopo lake. Mwalimu alikuja. Katekista alikuja. Nilikuwa nawapa, nawaambia, "Mbegu ya Gasaro hii, msiiache ife," na nikisema hivyo nilikuwa naangalia pembeni. Utajua sababu.

Mwaka juzi, mvua za Septemba zilipoanza, mjukuu wangu Benitha, binti wa Nasiri, alikuja kutoka chuo kikuu. Anasomea kilimo. Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa kutafuta undugu wa nyanya za zamani za wilaya yetu ya Rusizi: za Nkombo kisiwani, za bustani za ufukweni Cyangugu, za huku kwetu, hata zile wanazovusha mpakani akina mama wa Bukavu. Alikuwa na arobaini na mbili. Kwa kila nyanya anachuma majani machanga mawili matatu, anayatia katika kifuko chenye punje za kukausha, zile zile unazozikuta ndani ya boksi la viatu vipya.

"Koko," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wanavyoniita, "nyanya yako ndiyo futi yangu ya kupimia. Wengine wote nikiwauliza mbegu walipata wapi wanasema sokoni, kwa jirani, hatukumbuki. Yako tu ina historia. Ikiwa historia yako ni sawa, kazi yangu imesimama. Ikiwa siyo sawa, nimekwisha."

Akatoa karatasi yenye maswali. Swali la tisa lilisema: Mbegu hii ilitoka kwa nani?

"Kwa mama mkwe wangu, Gasaro," nikasema. "Andika."

Mukakalisa alikuwa mkekani anachambua maharagwe. Hakuinua hata kichwa. "Andika na kreyo, mtoto yangu. Ile ya kufutika."

"Kwa nini, Koko Mukakalisa?"

"Biki haifutiki, ni ya mambo ya kweli."

Benitha akacheka. Alidhani ni utani wa mawifi. Akachukua penseli yake akaandika jina la Gasaro kwa herufi ndogo ndogo. Mimi sikucheka.

Labda aliona uso wangu umekunjamana, akataka kunifurahisha. "Koko, unataka kuona kile ninachokwenda kusoma?" Akaniomba nyanya moja iliyoiva, chumvi, sabuni ya unga, kitambaa safi na glasi. Yeye mwenyewe akatoa mkobani chupa ya spiriti ya duka la dawa, akaitumbukiza mtungini ipoe. Nikamwambia, "Mtungi wangu huo wa kutawadhia." Akasema, "Chupa imefungwa, Koko, mtungi wako hautalewa."

Akaiponda nyanya na maji, chumvi na sabuni kidogo. Akaichuja kwenye kitambaa, matone mekundu yakaingia kwenye glasi. Halafu akaiinamisha glasi, akaitiririsha ile spiriti pembeni, taratibu, kama mtu anayemwaga maziwa bila kutaka yatoe povu.

"Tulia. Usipumue juu yake."

Nilishika pumzi. Pale maji mekundu yalipokutana na yale maangavu, kitu kilianza kupanda. Cheupe. Kwanza kama ukungu, kisha kama utando wa buibui uliolowa umande, kisha nyuzi, nyuzi kabisa, zikiinuka bila mkono wa mtu, zikijikusanya juu. Binti wa fundi cherehani mimi, uzi naujua. Uzi mwembamba namna ile sijapata kuuona, si Kamembe, si penginepo. Benitha akauzungushia kwenye njiti ya kiberiti, ukavutika.

Mukakalisa aliacha maharagwe yake akaja kupiga magoti karibu yangu. "Mama yangu weee," akasema. "Hii yote ilikuwa ndani ya tomati? Na mi naikula tu?"

"Hiyo ndiyo DNA," Benitha akasema. "Ni barua. Kila punje ndogo ya mwili wa nyanya ina nakala yake nzima: namna ya kuwa nyekundu, namna ya kuota mabega, namna ya kunukia."

"Nani aliiandika?" nikauliza.

"Kila mama aliinakili kutoka kwa mama yake. Tena ua la nyanya hujichavusha lenyewe, halingoji mgeni. Kwa hiyo barua haichanganyiki ovyo. Bibi, mama, mjukuu, kitukuu, wote wanabeba ile ile."

Akanieleza kwamba haisomi yote, ingemchukua umri. Kuna sehemu katika barua ambapo ni kama mwandishi alipatwa na kigugumizi, akawa anarudia silabi zile zile. Nyanya moja hurudia mara saba, nyingine mara kumi na mbili. Yeye anazijua sehemu kumi na nne za namna hiyo, anakwenda kuhesabu vigugumizi. Hizo anaziita alama. Nyanya mbili zikilingana alama zote kumi na nne, hizo ni nyumba moja.

"Na alama haziwezi kusema uongo?" nikauliza.

"Alama? Zitafaidika nini, Koko?"

Nikautazama ule uzi kwenye njiti. Nilikuwa nimestaajabu mpaka nywele zimesimama, na wakati huo huo nilitamani glasi ile ianguke ivunjike.

Sasa nikueleze.

Nilipoolewa nilikuwa msichana wa mjini, jembe nalijua kwa kuliona. Sijamaliza mwezi katika nyumba hii, mama mkwe wangu Gasaro akateleza njia ya kijitoni akavunjika nyonga. Wakampeleka kwa kaka yake anayekaa karibu na hospitali, akakaa huko miezi mitano. Kazi za nyumbani tukaachiwa mimi na Mukakalisa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane, mrembo, na mdomo wake ulikuwa huu huu.

Habari ikaja kwamba mama anarudi Ijumaa. Nikasema, bibi-arusi gani huyu atakayempokea mama mkwe na jiko chafu? Ukuta wa jiko ulikuwa mweusi kwa moshi. Na kando ya mlango palikuwa na sehemu pana kama ungo, imejaa majivu na vidoadoa vilivyogandamana. Kwetu Kamembe ukuta wa namna hiyo ni aibu ya mama wa nyumba. Sikuuliza mtu. Nikachanganya udongo na samadi, nikakandika ukuta mzima, na ulipokauka nikapaka ingwa, ule udongo mweupe. Jiko likang'aa kama yai.

Mukakalisa alirudi na maji kichwani. Akasimama mlangoni. "Umekandika wote?"

"Wote."

"Hata pale karibu na mlango?"

"Hata pale."

Akautua mtungi chini, akakaa juu ya kinu mpaka jua linazama. Nikafikiri ni wivu.

Gasaro alifika na fimbo yake. Aliusifu ukuta, akaupapasa, akaniita mwanangu. Kisha akasema, "Na zile mbegu za mlangoni ulizibandua kwanza, sivyo? Ni zako zile."

Ndipo nilipojua. Katika nyumba hii mwanamke huchukua mbegu za nyanya zikiwa bado na ute wake, akazichanganya na majivu, akazibandika ukutani jikoni kwa kidole gumba, donge moja moja. Moshi huzilinda na wadudu. Msimu ukifika, anazibandua na kumkabidhi bibi-arusi wa mwanawe. Siku hiyo ndiyo bibi-arusi anakuwa mtu wa nyumba. Binti hapewi, maana binti atapewa huko aendako, na mama mkwe wake. Mimi nilikuwa nimezikandika mbegu zangu mwenyewe, na ulimi ukaniponyoka: "Nimezibandua, mama. Ziko kwenye kitambaa."

Mukakalisa alinitazama. Kisha akainama akachochea moto.

Kesho yake nikaaga kwamba nakwenda kumsalimu baba. Niliteremka mpaka Cyangugu, soko la ufukweni, ambako akina mama wa Bukavu walikuwa wanashusha vikapu. Nikatafuta nyanya zenye mabega, maana nilimsikia Kamali akisema za mama yake zina mabega. Zilikuwa kwenye kikapu cha mwanamke mmoja tu. Nikanunua, nikazikamua nyuma ya ukuta wa kanisa, nikakausha mbegu kwenye kipande cha kanzu ya baba, nikampelekea mama mkwe wangu. Tukasia. Zikaota. Zilipoiva, Gasaro aliichuma ya kwanza, akailia pale pale shambani na chumvi ya mkononi, akanitazama muda mrefu. Akasema, "Ndiyo yenyewe."

Nilifikiri nimemdanganya mzee wa watu. Akafa miaka kumi na moja baadaye akizisifu nyanya za mwanamke wa soko kana kwamba ni zake. Na Mukakalisa, kila msimu, hasa wageni wakiwepo: "Wifi, mbegu za mama ziko wapi?" Mimi nacheka, "Ziko shambani, wifi." Wageni wanacheka. Yeye anacheka kuliko wote.

Basi hicho ndicho alichokuwa amekibeba Benitha katika kifuko chake pamoja na majani: uongo wangu, na jina langu.

Akarudi Februari. Tulikuwa uani, Mukakalisa anapepeta sambaza kavu kwenye ungo. Benitha akatandaza picha mkekani. Nyeusi yote, na juu yake mistari midogo ya mwanga imepangwa kama ngazi, ngazi karibu na ngazi. "Kila ngazi ni nyanya moja," akasema. "Mstari ukisimama juu, kigugumizi ni kirefu. Ukisimama chini, ni kifupi." Nilipitisha kidole hewani, nikiogopa kuigusa. Mtu ameitoa barua ndani ya jani akaiandika kwa mwanga! Darasa la sita nililisoma kwa chaki.

"Sasa sikieni. Hizi tisa zinauzwa sokoni kwa majina tisa. Tazama, ngazi moja. Majina tisa, mwili mmoja. Ugonjwa ukiipenda moja, umezipenda zote tisa. Ndiyo maana tunazitafuta za zamani." Akasogeza kidole. "Na hii ni yako, Koko. Huku Rwimbogo haina mwenzake, isipokuwa za wale uliowapa wewe. Lakini angalia hapa. Na hapa. Hizi mbili zimetoka Bukavu. Alama kumi na nne kwa kumi na nne."

Nikakirudisha kidole changu mapajani.

"Walimu wangu wananiuliza, ilitoka kwetu ikaenda Bukavu, au ilitoka Bukavu ikaja kwetu? Mwezi wa tano nitasimama mbele yao niseme: ilitoka kwetu, bibi yangu ni shahidi. Itaingia kwenye ghala la mbegu la nchi na jina lako litaandikwa." Akatoa kalamu ya wino. "Kwa hiyo swali la tisa nataka kuliandika sawasawa. Koko, ilitoka kwa Gasaro. Ni kweli?"

Niliitazama ile kalamu. Ningeweza kusema ndiyo. Mabibi wangapi wamesema ndiyo? Lakini mtoto angesimama mbele ya watu waliosoma na kuapa kwa mdomo wangu.

"Hapana," nikasema. Nikaeleza yote. Ukuta, udongo, kitambaa, soko.

"Nilisema nini!" Mukakalisa akapiga ungo kwa kiganja. "Nilisema nini miaka yote? Mama yangu amekula tomati ya bantu, ya watu baki! Kreyo, nilisema andika na kreyo!"

"Cheka tu, wifi. Haki yako."

"Nacheka, ndiyo! Na ni nani alikuuzia?"

"Wenzake walimwita Mama Mukengere, wa Bukavu. Mwanamke mrefu, mwenye pengo."

Ungo ukainama. Sambaza zikamwagika mchangani. Mukakalisa hakuzizuia. "Mama nani?"

"Mukengere."

Akaanza kuziokota. Moja moja. Sambaza zaidi ya mia, anaziokota moja moja kama anayetafuta sindano.

Benitha alikuwa bado na kalamu mkononi. Nilingoja anigombeze. Ningemshukuru. Akasema tu, "Kwa hiyo mbegu za Gasaro zilikufa."

"Nimeziua mimi, mama."

"Ukuta uko wapi?"

"Ukuta gani?"

"Wa jiko, Koko! Ule uliokandika!"

Ukuta upo. Jiko la zamani tumelifanya banda la kuni. Kabla sijamaliza kusema, mtoto alikwishachukua kisu. "Hazitaota," akasema akitembea. "Miaka arobaini na minane, hazitaota kamwe. Lakini mtu akifa na barua mfukoni, barua haifi naye siku hiyo hiyo."

Alianza kando ya mlango. Alibandua tabaka moja, la mwaka Nasiri alipooa. Jingine, la kuzaliwa kwake. Kila tabaka nililikumbuka, mikono yangu ndiyo iliyolipaka. Mwisho ukaonekana weupe wa ingwa yangu ya ubibi-arusi, na nyuma yake kibao cha udongo kikaachia chenyewe, kikaanguka kizima.

Mbegu zilikuwepo. Ndogo, bapa, kahawia, zimelala ndani ya majivu kama siku ile. Zilikuwa zimekaa humo nyuma ya mgongo wangu nilipopika harusi, nilipopika matanga ya Kamali, kila uji wa kila mtoto. Na juu ya kila donge, usidhani natia chumvi, palikuwa na alama ya kidole gumba. Mistari yote inaonekana. Kidole cha Gasaro. Nilipeleka changu nikakiweka ndani ya alama moja, kwa upole, kikaenea. Nikasema, "Subhanallah."

Benitha alizing'oa mbegu kumi na tano kwa kibanio. Kisha akapanda juu kidogo, akabandua upande wa pili wa ile sehemu. Hapo hapakuwa na mbegu. Palikuwa na mikwaruzo, mingi, imekwenda juu chini, mpaka udongo wa ukuta umechimbika.

"Koko, na hapa nani alikwangua?"

"Si mimi. Mimi nilikandika tu."

"Alikwangua kabla hujakandika. Udongo wako umeingia ndani ya mikwaruzo."

Tukageuka. Mukakalisa alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

"Panya," akasema.

"Panya hawana kijiko, Koko Mukakalisa."

"Naenda kuangalia mbuzi," akasema, akaondoka. Mbuzi tuliwauza mwaka uliotangulia.

Miezi miwili ile Mukakalisa hakunichokonoa hata mara moja. Mwanzoni nilifikiri ameshiba ushindi. Lakini hakuwa anakula vizuri, na msimu wa kusia ulipofika hakuniuliza mbegu za mama ziko wapi. Nilikosa swali lile kama mtu anavyokosa jino. Nikamwambia, "Wifi, uliza basi." Akasema, "Kunywa chai yako."

Benitha hakutaka kusema kwenye simu. Alikuja mwenyewe, mwisho wa Aprili, viatu vimejaa tope la njia, akakaa kati yetu mkekani. Picha ilikuwa na ngazi tatu tu.

"Hii ya kushoto ni nyanya yako, Koko. Hii ya kulia ni ya Bukavu. Hii ya katikati ni ya ukutani."

"Ilisomeka?"

"Alama tatu hazikusomeka, muda umezila. Kumi na moja zimesomeka." Akapitisha kidole kwenye mistari. "Zote kumi na moja ni zile zile. Koko, ile mbegu uliyoinunua sokoni ndiyo mbegu uliyoizika. Ni ya Gasaro. Siku zote ilikuwa ya Gasaro."

Nilitazama zile ngazi tatu. Mistari ilikuwa imepangana sawasawa, kama safu za watu wanaoswali. Nikamwona mama mkwe wangu shambani na chumvi mkononi, ananitazama, anasema ndiyo yenyewe. Hakuwa amedanganywa. Ulimi wake ulikuwa umesoma kile ambacho mashine imekisoma juzi. Alijua nyanya yake. Ila hakujua imezunguka kupitia wapi ikamrudia. Nililia, na machozi yale hayakuwa ya aibu. Kilichonitisha, kwa hofu ile nzuri ya mtu aliyesimama mbele ya jambo kubwa, ni udogo wake: punje isiyojaa hata ukucha, inakufa ukutani, ndugu yake anavuka mpaka na kurudi, na mimi katikati nadhani ni mimi ninayeendesha mambo.

Sasa umekwisha kukijua kitendawili changu. Lakini Benitha alikuwa bado na chake.

"Nimehesabu," akasema. "Tangu Gasaro alipokwenda hospitali mpaka Koko aliponunua sokoni ni miezi mitano. Nyanya inataka karibu minne mpaka kuiva. Kwa hiyo mtu aliukwangua ukuta mara tu Gasaro alipoondoka, akazivusha mbegu, mtu wa Bukavu akazipanda." Akaifungua ile karatasi ya maswali, swali la tisa, penseli bado inasomeka. Hakunitazama mimi. "Nani alikwangua?"

Mukakalisa alifuta mikono yake kwenye kitenge, upande huu, na upande huu. Alikuwa na miaka sitini na sita na uso wake ukawa wa kumi na minane.

"Chukua biki," akasema.

Benitha akachukua.

"Andika Mukakalisa. Na kijiko cha mama. Nilikwangua nusu, nikafunga kwenye lesu. Nilijua mama akirudi ataona ukuta na ataniua. Siku zote nilikuwa nahesabu, Ijumaa mama anarudi, Ijumaa nakufa. Halafu nafika na maji, naona wifi amekandika yote." Akanigeukia. "Weye ulinifunika, wifi. Ulinifunika bila kujua. Na kila mwaka nilikuuliza mbegu ziko wapi, kwa sababu niliogopa siku moja utaniuliza mimi."

"Lakini kwa nini uzivushe, wifi?" nikauliza. "Binti hapewi mbegu. Ulijua."

"Nilijua." Alikuwa anatazama upande wa ziwa, ambalo kutoka uani kwetu halionekani. "Mukengere alikuwa anakuja na sambaza, unakumbuka, yule kijana wa shati ya bluu? Baba yangu alikuwa hajakataa bado posa yake. Huku kwetu bibi-arusi anapewa mbegu na mama mkwe, na siku hiyo anakuwa muntu ya nyumba. Na mama yake Mukengere alikuwa hana mbegu yoyote, mwanamke wa soko tu, anauza za bengine." Akageuka kwangu. "Kwa hiyo nilimupelekea, ili akuwe na za kunipa."